Usifute, Ficha: Kutengeneza Kolaji ya Picha kwa Leya

Maneno haya kuhusu kolaji, yaani picha moja iliyoundwa kwa kuunganisha picha kadhaa, yalisemwa Mwanza, mbele ya wapiga picha, mafundi wa studio na vijana wa stationeri. Tunayaweka yote hapa kwa waliokosa. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Ndugu wapiga picha, mafundi wa studio, dada na kaka zetu wa stationeri, wazee wetu mliotutangulia tangu enzi za filamu na chumba cha giza: Mwangaluka!

Mmeitika vizuri. Basi tuanze na habari ya zamani, kabla ya kompyuta.

Mwaka 1857, mjini Manchester, Uingereza, mpiga picha mzaliwa wa Sweden aliyeitwa Oscar Rejlander alionyesha picha moja kubwa yenye kundi la watu ambalo kamera ya siku zile isingeweza kulipiga kwa mkupuo. Aliiunda kwa negativu zaidi ya 30, yaani picha za asili zilizogeuzwa nuru na giza, ambazo ndizo zinazochapwa kwenye karatasi. Alikuwa anaweka negativu moja juu ya karatasi, anafunika sehemu nyingine zote zisipate mwanga, anachapa kipande kile kimoja. Kisha anafunika alichokwisha kuchapa, anafungua pengine, anaweka negativu inayofuata. Akikosea kipande cha ishirini na tano, karatasi yote inakwenda kapuni. Malkia Victoria akanunua nakala. Ndiyo, Victoria yuleyule. Mwaka uliofuata, 1858, John Speke alifika huku kwetu kusini mwa ziwa na kulibandika jina la malkia wake, kana kwamba lilikuwa halina jina. Hayo ni ya mkutano mwingine.

Sasa niwaulize: Rejlander alifuta nini? Hakufuta kitu. Alifunika. Karatasi ilipoharibika, negativu zake zilibaki nzima, akaanza upya.

Programu zetu zilichelewa kulijua hilo. Photoshop, programu ya kuhariri picha, ilipata leya, yaani tabaka za picha zinazokaa moja juu ya nyingine, mwaka 1994, toleo la 3. Kabla ya hapo ukibandika picha juu ya picha na ukaiachia, imeshakuwa sukari ndani ya chai: huitoi tena. GIMP, ambayo ni ya bure, ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu kule Berkeley, Marekani, nayo ikaja kupata leya. Kwa hiyo zana tunazo, na kwa anayetaka, bila shilingi hata moja. Kwa nini basi kazi nyingi zinazotoka madukani zina watu wanaoelea hewani, nywele zilizokatwa kama kwa panga, na bwana harusi mwenye vivuli viwili?

Sababu ya kwanza ni kwamba tunashika kifutio mapema mno. Leo mtatusikia tukirudia neno moja mpaka mlichoke: usifute, ficha.

Lakini kabla ya kufika huko, karatasi.

Tuseme mama mmoja ameshuka kwenye meli kutoka Ukerewe. Ana picha ya marehemu mumewe kwenye simu, anataka awekwe katikati, watoto na wajukuu wamzunguke, nyuma yao ziwa. Saizi A3, ya kuning'inia sebuleni. Picha hiyo imepita kwenye WhatsApp, kutoka kwa shemeji kwenda kwa binti, kutoka kwa binti kwenda kwake. Ukiifungua, upande mrefu una pikseli, yaani vinukta vya rangi vinavyounda picha, 1600 hivi. Fundi asiyeuliza anaivuta tu mpaka ijae. Baba wa watu anatoka na uso wa vigae.

Hesabu yake ni nyepesi. A3 kwa pikseli 300 kwa inchi ni pikseli 4961 kwa 3508. Picha ya pikseli 1600, kwa kipimo hichohicho, inatosha sentimita 13 na nusu tu. Ukiitandaza kwenye sentimita 42 za A3 unabakiwa na pikseli 97 kwa inchi, na hiyo ni picha ya kutazamwa ukiwa mlangoni. Umwambie nini mama? Umuulize kwa heshima: "Mama, ya karatasi haipo nyumbani?" Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ukiiskani kwa pikseli 600 kwa inchi, inakupa pikseli 2362 kwa 3543. Hapo unaweza kuichapa karibu mara mbili ya ukubwa wake bila aibu. Na kama ipo kwenye simu ya aliyeipiga, mwambieni aitume kama dokumenti, asiitume kama picha. Kwa njia hiyo WhatsApp haiibani.

Kwa hiyo fungua kanvasi mpya, yaani ukurasa mtupu wa kazi, yenye ukubwa wa mwisho, kisha uingize picha moja moja ndani yake. Usianze na picha ya mteja ukaitanua iwe kanvasi. Bango la fleksi la mita 2 kwa 1 halihitaji 300, maana hakuna atakayelisoma pua ikiwa imeligusa. Pikseli 100 kwa inchi zinatosha, nazo ni 7874 kwa 3937.

Pia pimeni kompyuta yenu. Kanvasi ya A3 ina pikseli milioni 17.4. Kila leya iliyojaa inakula megabaiti 70 hivi za kumbukumbu, na leya 20 ni gigabaiti 1.4, kabla hujahesabu hatua za kurudi nyuma ambazo programu inazitunza. Mashine ya gigabaiti 4 itaanza kuhema. Haijaharibika hiyo, imebebeshwa.

Sasa tuje kwenye kuficha.

Leya ni kama karatasi za nailoni angavu zilizopangwa juu ya meza. Unatazama kutoka juu. Palipo wazi panaonyesha cha chini. Maski ni pazia linaloshonwa kwenye leya moja. Ukipaka nyeupe kwenye maski, picha inaonekana. Ukipaka nyeusi, inajificha. Kijivu cha katikati kinaionyesha nusu. Hakuna pikseli iliyokufa: ukikosea sikio la bibi harusi, unapaka nyeupe, sikio linarudi. Ukilifuta kwa kifutio, ukahifadhi na kufunga, kesho unamrudia mteja kuomba picha upya. Usifute, ficha.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Chagua leya, iongezee maski nyeupe. Shika brashi, weka rangi nyeusi, punguza ukubwa, ukuze mwonekano wa picha kwenye skrini (zoom) mpaka asilimia 200, upake nje ya mwili. Kwenye Photoshop herufi X inabadilishana nyeusi na nyeupe, kwa hiyo mkono wa kushoto ukae hapo muda wote: umezidisha, X, rudisha. Kwenye GIMP kazi ni ileile, ila angalia leya iliyotokana na JPEG iwe imeongezewa alfa, yaani uwezo wa kuwa wazi. Bila alfa, kukata kunaacha rangi ya nyuma badala ya uwazi.

Kosa kubwa hapa, ambalo hata fundi wa miaka mingi hulifanya saa nne usiku, ni kupaka kwenye picha yenyewe badala ya maski. Leya yenye maski ina vijipicha viwili kwenye orodha. Kilichozungukwa na fremu ndicho kinachopokea brashi. Ukiona bibi harusi anapata doa jeusi shavuni badala ya kutoweka, umebofya kijipicha cha kushoto. Rudi nyuma, bofya cha kulia, endelea. Na ukimaliza, shika Alt ubofye maski uione peke yake, nyeusi na nyeupe tupu. Vumbi utaliona hapo: vidoa vya kijivu ulivyodhani umeviondoa, ambavyo vingekuja kujitokeza kwenye chapa kama moshi.

Tuko pamoja?

Kingo. Hapa ndipo sifa ya fundi ilipo, kwa hiyo mtuvumilie.

Pikseli ya ukingoni ni mchanganyiko. Mtu aliyepigwa mbele ya ukuta wa kijani, pikseli za mwisho za bega lake zina ngozi kidogo na kijani kidogo. Ukimhamishia mbele ya ziwa anakuja na uzi wa kijani umemzunguka. Wengi hukimbilia kutia ukungu mkubwa ukingoni. Matokeo yake ni mtu aliyefungwa kwenye pamba. Dawa ni kuibana maski ndani pikseli 1 au 2, kisha kuilainisha kwa nusu pikseli mpaka pikseli moja na nusu, basi. Na ulaini huo ufuate fokasi ya kamera: kama uso umekaa mkali na bega limeanza kupotea, ukingo wa uso uwe mkali na wa bega uwe laini zaidi. Mkasi mmoja haukati vyote.

Mawe je? Majabali yetu haya, meli, kuta, mtumbwi: hivyo vina kingo ngumu. Vichorewe njia kwa zana ya kalamu, nukta baada ya nukta, kisha njia igeuzwe kuwa maski. Nywele usiziguse na kalamu. Nywele zetu za kujisokota, ukizizungushia kalamu, mtu anavaa kofia ya pikipiki. Fanya hivi badala yake: fungua chaneli tatu za picha, nyekundu, kijani na bluu, uzitazame moja moja. Kama amepigwa mbele ya anga safi, chaneli ya bluu itakuonyesha anga karibu jeupe na nywele karibu nyeusi. Idurufu hiyo. Vuta viwango vya giza na mwanga (Levels) mpaka anga iwe nyeupe kabisa na nywele nyeusi kabisa, paka kwa mkono sehemu za uso na nguo zilizobaki na mwanga, geuza rangi, uifanye maski. Kila msokoto utabaki mahali pake. Zana za kuchagua mtu zenyewe kwa bofyo moja zimekuwa nzuri, tusiwe wabishi, lakini kwenye nywele bado zinahitaji mkono wako juu yake.

Kuna vitu visivyohitaji kukatwa kabisa. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku na karabai. Umepiga picha ya mwanga ule juu ya maji meusi na unataka kuuweka kwenye kolaji. Usikate! Iweke leya hiyo kwenye hali ya Screen, mojawapo ya namna leya inavyochanganyika na ya chini yake. Kilicho cheusi kinatoweka chenyewe, mwanga unabaki na ukungu wake wote, hata ile mishale inayocheza majini. Kinyume chake ni Multiply, yaani kuzidisha: programu inazidisha thamani za mwanga za leya mbili na kugawa kwa 255, ambayo ndiyo nyeupe. Nyeupe ikizidishwa haibadilishi kitu. Kwa hiyo mchoro wa wino wa ngoma ya Bugobogobo kwenye karatasi nyeupe, ukiuweka kwenye Multiply, karatasi inapotea na wino unabaki. Ukiona kivuli cha karatasi kinabaki kama doa, ni kwa sababu karatasi yako haikuwa nyeupe kamili. Ipandishe kwa viwango kwanza.

Sasa jambo ambalo ndilo hasa linalowafanya watu waelee. Mwanga, na mstari wa upeo.

Fikirieni kolaji hii. Nyuma ni jiwe la Bismarck wakati jua linazama, maji ya dhahabu. Mbele ni maharusi waliopigwa ukumbini kwa flashi ya uso kwa uso. Kingo safi, nywele safi, ukubwa sawa. Na bado mtoto wa darasa la pili atakwambia wamebandikwa. Kwa nini? Kwa sababu ukitazama jiwe lile kutoka ufukweni kwetu unatazama magharibi. Jua liko nyuma yao. Nyuso zingekuwa na giza, na mwanga ungewapita kwenye nywele na mabega kama uzi wa machungwa.

Ufanyeje? Juu ya leya ya maharusi weka leya ya marekebisho ya mwanga, ifunge kwao peke yao ili isiguse ziwa, uwashushe. Kisha leya tupu, hali ya Screen, brashi laini, rangi ya machungwa yenye nyekundu 255, kijani 180, bluu 100, na upake ukingo wa upande wa jua tu, upana wa pikseli 3 hadi 6 kwa kanvasi ya A3, kiwango cha kuonekana (Opacity) asilimia 40. Taratibu. Ukiwaka sana wanakuwa na taa za duka.

Picha za mchana nazo zina sheria zake. Mwanza tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, na jua letu halifiki juu kabisa saa sita. Linafika karibu saa saba kasoro robo, maana saa tunayoitumia ni ya nyuzi 45 mashariki na sisi tuko karibu 33. Mwezi Juni saa hiyo jua limeegemea kaskazini: mtu wa mita 1.7 anatupa kivuli cha sentimita 80 na kitu kuelekea kusini. Desemba kinageukia kaskazini, sentimita 65 hivi. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba kinakaa chini ya viatu. Kwa hiyo ukichanganya picha ya Juni na ya Desemba, zote za mchana, zote za ufukweni, vivuli vinaweza kugombana. Usiseme "ni mchana wote". Tazama kivuli.

Na kivuli ukichora, chora viwili. Cha kwanza ni kile cha mguso, chini ya soli kabisa: chembamba, cheusi zaidi, ukingo mkali. Bila hicho mtu hakanyagi. Cha pili ni kile kinacholala chini, kinachozidi kufifia na kulainika kadiri kinavyoachana na miguu. Leya ya Multiply, Opacity kati ya asilimia 30 na 60. Rangi yake isiwe nyeusi tupu: chukua kwa kidondoshi, zana ya kunasa rangi, rangi ya kivuli kilichokwisha kuwepo kwenye picha ya nyuma, cha jiwe au cha mtumbwi. Utashangaa kina bluu kiasi gani.

Mstari wa upeo je? Hili tunalisema mara mbili. Kamera iliyoshikwa kwenye urefu wa macho, pwani pa tambarare, inaufanya mstari ambapo maji yanakutana na anga upite kwenye macho ya kila mtu mzima aliyesimama pale. Aliye karibu na aliye mbali, wote, kwenye macho. Kamera ikishushwa mpaka kifuani, mstari unawapita wote kifuani. Tunarudia: wote, karibu na mbali. Kwa hiyo unapompunguza shangazi ili akae nyuma kidogo, usimteremshe wala kumpandisha kwa kubahatisha. Mpunguze, kisha msogeze mpaka mstari wa maji umpite palepale unapowapita wenzake. Hapo miguu yake itaangukia chini yenyewe. Na kama picha ya nyuma ilipigwa kutoka kilimani Capri Point, ukitazama bandari kwa chini, basi mtu aliyepigwa uso kwa uso hawezi kusimama ufukweni mwa picha hiyo hata ukeshe. Mstari uko juu ya vichwa vya watu wote wa chini. Badilisha picha ya nyuma. Saa nzima mtaokoa.

Rangi na chembechembe tupite haraka. Ukitaka kujua nani haoani na wenzake, weka juu ya kila kitu leya ya muda inayogeuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Anayeng'aa peke yake ataonekana. Mrekebishe, kisha uizime leya hiyo. Vitu vya mbali vipunguzwe ukali wa weusi, maana hewa ya ziwa inavichanganya na anga. Na mwisho kabisa nyunyiza chembe (Noise) kidogo, asilimia 1 hadi 3, juu ya kolaji yote, ili picha ya simu ya usiku na ya kamera safi zikae familia moja.

Kuhifadhi. Umeme mnaujua, hatuna la kuwafundisha. Faili la kazi libaki PSD (la Photoshop) au XCF (la GIMP) na leya zake zote, lenye namba mwishoni, 01, 02, 03, kila baada ya hatua kubwa. JPEG ni nakala ya kutoka nayo mlangoni, ubora 90. Ukiunganisha leya zote kisha ukahifadhi juu ya faili lilelile, umefuta, kaka. Na tulisemaje?

Mmejibu wenyewe.

Kwenye uchapaji kumbukeni kwamba skrini inachanganya mwanga na printa inachanganya wino. Bluu kali ya ziwa inayong'aa kwenye kioo hutoka imefifia, au imeelekea zambarau. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa. Kwenye fleksi, jina na nyuso vikae sentimita 5 au zaidi kutoka ukingoni, ringi zisimtoboe mtu paji la uso. Na kabla ya kuchapa A3 nzima, kata kipande cha sentimita 10 kwa 15 chenye uso mmoja, maji kidogo na kivuli kimoja, ukichape kwa karatasi ileile na mashine ileile. Kipeleke nje mlangoni ukitazame kwa mwanga wa jua, siyo chini ya taa ya dukani.

Mashine tano zimewashwa pale nyuma. Kila moja ina faili la mazoezi la leya tisa: majabali, maji, mtumbwi, watu wanne, vivuli na marekebisho. Leya moja tumeikosea makusudi. Kaeni wawili wawili, msiangalie majina ya leya, angalieni mstari wa maji. Atakayeipata wa kwanza anyooshe mkono, atueleze alijuaje.